Sensa haiongezi watu

Agosti 2022 makarani walipopita nyumba kwa nyumba, na baadaye ikatangazwa kwamba Watanzania tupo 61,741,120, hakuna aliyedhani kuwa makarani ndio waliotuongeza. Karani alikuta watu, akaandika, akaaga. Kazi ya kupanga madarasa, zahanati na visima kwa hesabu ile ilibaki kwa wengine. Jambo hilo, jepesi kulielewa likihusu watu, limekuwa gumu likihusu hewa. Ndani ya gari, kati ya eaklina na injini, kuna karani mwingine, na kwa bahati ya lugha yetu naye anaitwa sensa. Kazi yake ni kuhesabu hewa inayoingia ili kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wanaiita kontroli boksi, ipange mafuta. Lakini kaa na wapenzi wa Subaru Impreza, Forester za turbo au Lancer Evolution, utasikia sensa ya hewa ikisifiwa kama dawa ya nguvu: toa hiyo ya kiwandani, funga kubwa ya mashindano, gari litafunguka. Ni sawa na kusema nchi itapata watu wengi zaidi ikiajiri makarani wenye madaftari makubwa.

Hoja yangu ni kwamba mwenye gari la kasi abaki na sensa ya kiwandani, ndani ya bomba lake la kiwandani, mpaka vipimo vitakapoonyesha kwamba hewa imezidi uwezo wa sensa hiyo kuhesabu. Siku hiyo ikifika, abadilishe bila kusita. Hata hapo, mara nyingi kinachofaa ni sensa ya kiwandani iliyoundwa kwa ajili ya injini kubwa zaidi, na kontroli boksi isetiwe upya kabla gari halijarudi barabarani. Sensa ya mtaani inayonunuliwa ili kuongeza nguvu ni fedha iliyotupwa, na ikikutana na mguu mzito inaweza kuondoka na injini.

Tuanze na kazi yenyewe. Mtu akipuliza chai ya moto, chai inapoa; akipuliza kwa nguvu, inapoa upesi zaidi. Sensa nyingi za leo hutumia kanuni hiyo. Ndani yake kuna waya mwembamba kama unywele, au kipande kidogo cha utando, kinachopashwa moto kwa umeme mpaka kiwe na joto kuliko hewa inayokipitia. Hewa ikipita, waya unataka kupoa, na sensa inaongeza umeme ili joto lisishuke. Umeme ule ulioongezwa ndio hesabu. Unatumwa kwenye kontroli boksi kama volti: karibu volti 1 injini ikiwa silensi, na kuelekea volti 5 dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Uzuri wa karani huyu ni kwamba anahesabu uzito wa hewa, hajali imejaza nafasi kiasi gani. Hewa ya Mbeya, mji ulioko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi, na ya Nairobi haipishani sana na ya Mbeya. Gari likipanda kutoka pwani, hewa inazidi kuwa nyepesi, waya unapozwa kidogo zaidi, hesabu inashuka, na mafuta yanapunguzwa bila dereva kujua lolote. Kabureta ya zamani isingeweza kufanya hivyo bila bisibisi ya fundi.

Hesabu hiyo ikishafika, kontroli boksi inafanya kazi ya Hazina. Petroli huungua sawasawa kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta. Injini ya turbo ikikamuliwa, mafuta huongezwa kwa makusudi hadi kwenye uwiano wa 11 au 12 kwa 1, kwa sababu mafuta ya ziada hupoza chumba cha moto na kuzilinda pistoni. Injini ya lita 2 ikiwa silensi huvuta gramu 3 hivi za hewa kwa sekunde. Injini hiyohiyo ikiwa na turbo na kutoa nguvu za farasi 280, kiwango kilekile ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana kutokivuka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2004, huvuta gramu 200 na ushei. Karani mmoja, basi, anatakiwa kuhesabu kwa usahihi umati mdogo na umati uliozidi huo mara 70. Isitoshe, volti zake haziongezeki kwa mstari ulionyooka: volti moja ya mwisho hubeba hewa nyingi kuliko volti mbili za mwanzo. Kosa dogo kule juu ni kosa kubwa kwenye mafuta. Na hesabu hiyo haipangi mafuta peke yake. Kontroli boksi huitumia pia kujua injini imebeba mzigo kiasi gani, na kwa mzigo huo ndipo huamua plagi iwashe mapema au ichelewe. Akikosea karani, idara mbili zinaharibikiwa kwa pamoja.

Sasa tufike kwenye bomba, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Waya wa sensa hauoni hewa yote. Unaonja sehemu ndogo inayopita mbele yake, na kontroli boksi inakisia iliyobaki kwa kuwa kiwanda kilishaiambia bomba lina upana gani. Tuseme bomba la kiwandani lina upana wa milimita 65, na muuzaji anakuletea la milimita 80 linalong'aa, ufunge sensa yako ileile humo. Tofauti ya milimita 15 inaonekana ndogo kwa macho. Lakini eneo la mdomo wa bomba hukua kwa mraba wa upana wake, na 80 ikigawanywa kwa 65 kisha ikazidishwa yenyewe kwa yenyewe inatoa 1.5. Hewa ileile, ikipita kwenye nafasi iliyoongezeka kwa nusu, inapungua mwendo kwa theluthi moja, na waya unapozwa kana kwamba hewa yenyewe imepungua. Injini inavuta gramu 100, karani anaandika 66. Kontroli boksi inatoa mafuta ya gramu 66. Palipopangwa uwiano wa 11.5 kwa 1 sasa unapatikana wa 17 na zaidi, tena injini ikiwa imebanwa kuliko wakati wowote. Mchanganyiko wenye mafuta pungufu namna hiyo, chini ya shinikizo la turbo, huchoma kama tochi ya kuchomelea. Hapo sensa yenyewe haijaguswa: ni ya kiwandani, mpya, salama. Kilichobadilika ni bomba tu. Ndiyo maana watengenezaji makini wa mabomba ya magari ya kasi huandika waziwazi kwamba bidhaa yao isifungwe bila kontroli boksi kusetiwa upya. Watu wanalipia bomba na kuliruka onyo.

Ushahidi mzuri zaidi wa hoja hii unatoka Marekani, kwenye Ford Mustang ya lita 5. Kufikia 1989 Mustang zote za aina hiyo zilikuwa zimewekewa sensa ya waya wa moto, baada ya zile za California kutangulia mwaka mmoja. Likawa gari la vijana wa kule kama Impreza ilivyo la vijana wa huku: bei ya kueleweka, injini inayostahimili, spea kila kona. Nozeli zake za kiwandani zilitoa pauni 19 za mafuta kwa saa. Aliyeongeza nguvu alihitaji nozeli kubwa zaidi, tuseme za pauni 30, lakini enzi hizo kuingia ndani ya kontroli boksi na kubadilisha hesabu zake haikuwa kazi ya kila gereji. Soko likabuni njia ya mkato: sensa "iliyopimwa kwa nozeli za 30". Maana yake ni sensa iliyofundishwa kusema uongo. Zikipita gramu 100 za hewa inatangaza 63. Kompyuta, ikidhani bado ina nozeli ndogo, inazifungua kwa muda wa gramu 63. Lakini kwa kuwa nozeli ni kubwa, mafuta yanayotoka yanatosha gramu 100. Uongo juu ya uongo ukazaa jibu sahihi. Wengi walishangilia, na kwa upande wa mafuta walikuwa na haki ya kushangilia.

Ila njia ya mwongo fupi. Kompyuta ileile iliyoambiwa hewa ni 63 ilikwenda kwenye jedwali la plagi na kujisemea: mzigo ni mwepesi, naweza kuwasha mapema. Mzigo wa kweli ulikuwa mzito. Plagi ikiwasha mapema mno chini ya mzigo mzito, sehemu ya mchanganyiko hujilipukia kabla ya zamu yake, na mlipuko huo unaipiga pistoni. Huko ndiko kugonga. Kukitokea mara chache, unasikika mlio kama wa kokoto ndani ya kopo; kukiendelea, pistoni hupasuka kingo na gasketi ya silinda hedi huungua. Mafundi makini wa Mustang walikuja kukubaliana juu ya dawa: sensa isiyodanganya, pamoja na kompyuta inayoambiwa ukweli kuhusu nozeli zilizofungwa. Leo kompyuta nyingi zinaweza kusetiwa upya, kwa hiyo ile sababu ya kudanganya imekufa. Kilichobaki ni biashara yake. Na kwetu hatari ni kubwa kidogo kuliko kule: Impreza nyingi za turbo zilizoagizwa Japani zilisetiwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, yenye oktani kufikia 100, na petroli ya pampu zetu ni ya chini ya hapo. Injini ambayo tayari imekaribia kugonga haihitaji karani wa kuisukuma.

Pingamizi la kwanza ni kwamba sensa ya kiwandani inabana hewa. Pingamizi hili lina historia ya kweli. Kabla ya waya wa moto, magari mengi yenye nozeli badala ya kabureta yalitumia sensa yenye kibao kilichofungwa kwa springi. Hewa ilikisukuma kibao, na pembe yake ndiyo iliyosomwa. Mfumo wa Bosch wa L-Jetronic wa miaka ya 1970 ulikuwa hivyo. Kibao kile kilikaa njiani kama geti, na aliyekitoa alipata nafuu ya kweli. Lakini waya wa moto umetundikwa kwenye kijiti chembamba katikati ya bomba, na hauzuii chochote cha maana. Vizuizi halisi vya gari la kawaida lililotiwa shauku ya mashindano vipo kwingine: eaklina iliyoziba, turbo ndogo, ekzosi iliyojaa masizi. Kuna hata wanaong'oa ule wavu mdogo ulio mbele ya baadhi ya sensa, uliosukwa kama sega la nyuki, wakidhani wanafungulia hewa njia. Wavu ule unainyoosha hewa baada ya kona ya bomba ili waya uonje mkondo uliotulia. Ukiutoa, hesabu inaanza kurukaruka na silensi inapanda na kushuka, halafu lawama anabebeshwa fundi wa umeme.

Kuna upande mmoja ambao sensa ya kiwandani kweli inashindwa, nao haupaswi kufichwa. Volti 5 ndiyo dari. Hewa ikizidi kiasi ambacho sensa iliundiwa, volti hugota darini: gramu zikiongezeka, hesabu haiongezeki, na kuanzia hapo kila gramu ya ziada inaingia bila mafuta yake. Hapa mwenye turbo kubwa hana hiari, lazima abadilishe. Jambo la kuzingatia ni jinsi ya kujua. Mashine ya kupimia, hata ile ndogo ya kuchomeka chini ya usukani, inaonyesha gramu kwa sekunde, na nyingine zinaonyesha volti, injini ikiwa kazini. Fundi akirekodi safari fupi yenye mkanyago kamili na kuona volti zimefika 4.9 zikalala hapo huku mzunguko wa injini ukiendelea kupanda, kesi imekwisha, sensa ni ndogo. Akiona zimeishia 4.3, sensa bado ina akiba, na anayetaka kukuuzia nyingine anakuuzia kitu ambacho injini yako haijakiomba. Kipimo hicho ni cha dakika chache. Mtu asiyekifanya kabla ya kutoa fedha ananunua imani.

Na siku hiyo ya kweli ikifika, mfano wa kufuata umetoka Japani kwenyewe. Wenye Nissan Skyline na Silvia walipoongeza nguvu hadi sensa zao zikagota, chaguo lao mashuhuri lilikuwa sensa ya Nissan 300ZX ya Z32, gari lililotoka 1989 likiwa na injini ya lita 3. Hii nayo ni sensa ya kiwandani, ila ya injini kubwa. Ilikuwa na bomba pana la milimita 80, na lililo muhimu kuliko upana, ilikuwa na jedwali linalojulikana: volti fulani, gramu fulani, kipande hadi kipande. Fundi aliliingiza jedwali hilo kwenye kontroli boksi na karani mpya akawa anasema lugha inayoeleweka. Hapo kuna fundisho kwa gari lolote. Kinachonunuliwa katika sensa ni jedwali lake. Chuma na plastiki ni chombo cha kulibebea. Sensa isiyo na jedwali la kuaminika, hata ingekuwa nzuri kiasi gani machoni, ni karani anayejaza fomu kwa mwandiko usiosomeka. Nyingine hata lugha si moja: Lancer Evolution nyingi hazitumii waya wa moto kabisa, zinahesabu vimbunga vidogo vya hewa nyuma ya kizuizi na kutuma mapigo badala ya volti. Plagi ya waya inaweza kuingia, mazungumzo yasiwepo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa mafundi wenyewe: kwa nini tusiitupe sensa ya hewa kabisa, injini ipime shinikizo na joto la hewa ndani ya manifoldi, kisha ikokotoe uzito? Njia hiyo ni halali. Honda nyingi za miaka ya 1990 zilitoka kiwandani nayo. Toyota Supra ya turbo iliyouzwa Japani katika muongo huo ilipima shinikizo, huku ndugu yake iliyopelekwa Marekani ikiwa na sensa ya waya wa moto, injini ikiwa ni 2JZ-GTE ileile. Kwa gari la mashindano lenye turbo kubwa, bomba fupi na fundi wake wa kudumu, huenda ndilo jibu bora, kwa sababu hakuna dari ya sensa ya hewa wala bomba la kuogopa. Lakini tusilipunguzie bei. Anayepima shinikizo hahesabu hewa, anaikisia kwa jedwali la jinsi injini hiyo inavyovuta pumzi kwa kila kasi na kila mzigo. Badilisha kamshafti au turbo, na jedwali zima linahitaji kuandikwa upya kwenye mashine ya kupimia nguvu. Sensa ya hewa inayasamehe mabadiliko mengi ya aina hiyo, maana inaona kilichoingia kweli. Kwa gari linalokwenda kazini Jumatatu na kukimbizwa Jumapili, msamaha huo una thamani kubwa.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi: mbona gari la fulani limefungwa sensa ya mtaani na bomba pana, na linatembea vizuri mwaka wa pili huu? Linatembea kwa sababu linabebwa. Kwenye bomba la moshi kuna sensa ya oksijeni, mkaguzi wa hesabu, anayegundua kwamba mafuta hayatoshi na kuiambia kontroli boksi iongeze asilimia 10, 15, hata 20. Marekebisho hayo huhifadhiwa, na dereva haoni chochote mpaka yafike kikomo ndipo iwake taa ya cheki injini, mara nyingi kwa msimbo wa P0171, yaani mafuta ni pungufu kuliko hewa. Shida ni kwamba mkaguzi huyu, katika magari mengi ya umri huo, hufanya kazi gari likitembea kwa upole. Dereva akikanyaga hadi mwisho, kontroli boksi haimsikilizi tena. Inategemea hesabu ya karani pamoja na makisio yaliyopo. Gari, kwa hiyo, lina adabu mjini na lina deni barabara kuu. Kulisifu kwa sababu halijanoki ni kuisifu nyumba isiyo na msingi kwa sababu mvua haijanyesha.

Hesabu huvurugika pia hata karani akiwa mwaminifu. Vijana wanapenda ule mlio wa "pshii" mguu ukiondoka kwenye mafuta, na wanafunga vali inayotema hewa ya turbo nje. Katika gari linalohesabu kwa sensa, hewa hiyo ilikwisha kuhesabiwa mlangoni na mafuta yake yakaagizwa. Ikitemwa nje, mafuta yanafika na hewa haipo. Injini inajikwaa, inatoa moshi mweusi, pengine inapiga baruti kwenye ekzosi. Vali ya kiwandani huirudisha hewa ndani ya bomba, baada ya sensa, ili aliyehesabiwa abaki kijijini. Watu husikia kujikwaa huko, wakaihukumu sensa kuwa imechoka, wakanunua nyingine, na tatizo likabaki palepale.

Yapo pia maneno ya bei, nayo ni ya haki. Sensa ya boksi lenye nembo ya kampuni ya gari ni ghali, na mwenye gari aliyekwisha kulipa ushuru, bima na matairi hawezi kulaumiwa kwa kutafuta nafuu. Lakini kampuni nyingi za magari hazitengenezi sensa zao. Hutengenezewa na kina Denso, Hitachi na Bosch, na mara nyingi kifaa kilekile huuzwa kwa jina la mtengenezaji wake kwa bei ya chini. Hiyo ndiyo nafuu ya halali. Nafuu ya hatari ni ile ya sensa inayofanana na ya kiwandani mpaka kwenye herufi, ikiwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au soko la Kisekka jijini Kampala, kwa sehemu ndogo tu ya bei. Waya wake unaweza kufanya kazi, volti zikatoka, gari likawaka, na jedwali lisilingane na lile lililomo kwenye kontroli boksi. Sensa iliyotumika iliyotoka kwenye gari la Japani, ikiwa namba yake ni ileile na imesafishwa, ni salama kuliko mpya ya feki. Na kabla ya kununua yoyote kati ya hizo, isafishwe iliyopo. Vumbi la barabara zetu likigandamana kwenye waya huufunika kama blanketi, nao unahesabu pungufu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia sensa ya hewa ipo. Ipulizwe, iachwe ikauke, wala isiguswe kwa kitambaa, mswaki au dawa ya kabureta. Eaklina za pamba zinazopakwa oili nazo, zikilowanishwa kupita kiasi, zinaweza kuupaka waya huo mafuta.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na injini ya kasi ni mali inayotumiwa kwa gramu 200 kila sekunde. Mwenye gari hahitaji kuwa fundi ili kulilinda daftari hilo. Anahitaji maswali matatu siku atakapoambiwa afunge sensa mpya ili gari lifunguke: hii niliyonayo imegota kwenye volti ngapi, hiyo unayoniuzia ilipimwa kwenye bomba la upana gani, na jedwali lake utaliingiza lini kwenye kontroli boksi yangu? Fundi anayejua kazi atafurahi kuulizwa, na atachomeka mashine aonyeshe. Muuzaji akilijibu swali la kwanza kwa kutaja nguvu za farasi, mwenye gari arudishe fedha mfukoni na kwenda kununua eaklina.